Hesabu ya Ndege Mlangoni mwa Mto Rusizi

Mwenye kutoka Kigoma akakusudia Bujumbura kwa njia ya nchi kavu hupanda kwanza milima ya Manyovu, akavuka mpaka, kisha akateremka hadi Nyanza-Lac, na tangu hapo Ziwa Tanganyika halimtoki mkono wa kushoto mpaka aingie mjini. Njia hiyo nimeizoea kwa shughuli za biashara na za jamaa, walakini safari hii ya mwezi wa Januari niliipita nikiwa na darubini shingoni na daftari mfukoni, maana masahibu zangu wa Bujumbura walikuwa wamenialika kushiriki katika hesabu ya ndege wa majini kwenye delta ya mto Rusizi. Na mtu anayekwenda kuhesabu ndege, macho yake huanza kazi kabla miguu haijafika. Nikawaona yangeyange wakitembea majarubani nyuma ya wakulima, nikawaona mnandi juu ya nguzo za nyavu wamezitandaza mbawa zao zikauke, na karibu na Rumonge, pale michikichi inapozidi hata hewa yenyewe ikanuka mawese, nikamwona furukombe juu ya mti mkavu, kifua cheupe, shingo imeinama kidogo, akiyatazama maji kwa utulivu wa mwenye mali.

Kabla ya kuingia mjini, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wasafiri wengi hupiga picha jiweni wakaenda zao, nami siwalaumu; lakini lililonishughulisha mimi ni lile walilokuwa wakilitafuta watu wale wawili katika siku hizo, kwani walikuwa wakielekea kaskazini kwa mtumbwi wapate kujua kwa yakini kama Rusizi ni mto utokao ziwani au uingiao. Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858 wakaambiwa na wenyeji kwamba mto unaingia, ila hawakuuona mlango kwa macho yao, na kwa hiyo mabingwa wa Ulaya wakaendelea kubishana, wengine wakishikilia kuwa Tanganyika ndilo chimbuko la Nile. Livingstone na Stanley walifika, wakayatazama maji, wakaona mkondo unaingia ziwani, na ubishi wa mto ule ukaisha. Nikasema moyoni kwamba mahali pale tuendapo kesho palikwisha kuamuliwa jambo kubwa kwa njia nyepesi kuliko zote, nayo ni kwenda, kutazama, na kuandika kilichoonekana.

Jioni tulikutana Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha yake ya sokoni, ya msikitini na ya nyumbani, tukala mukeke wa kuchoma kwa ugali na pilipili, huku karatasi za hesabu zimetandazwa kwenye mkeka. Alikuwapo Mwalimu, mstaafu aliyesomesha elimu ya viumbe katika shule za sekondari, ambaye ndiye mkubwa wetu. Alikuwapo binti mmoja wa Chuo Kikuu cha Burundi, mwenye masikio makali kuliko sote kwa sauti za ndege. Akawapo mlinzi wa hifadhi, mtu wa maneno machache. Na Mzee mmoja wa Gatumba, mvuvi tangu ujana wake, ambaye ndiye atakayekuwa nahodha wetu. Ndege wetu pale mkekani walikuwa na majina ya lugha tatu, maana Mwalimu huwataja kwa Kifaransa, Mzee kwa Kirundi, nami kwa Kiswahili cha pwani nilichokirithi kwa babu yangu; na kila tuliposhindwa kuafikiana tulikifungua kitabu cha Stevenson na Fanshawe kilichotoka mwaka 2002, ambacho kimezikusanya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi katika jalada moja, tukaweka kidole juu ya picha.

Mwalimu, kabla ya kugawa kazi, alitueleza asili ya jambo lenyewe, na alilieleza kwa taadhima, kwa kuwa alitaka binti yule ajue ameingia katika msafara mrefu. Huko Marekani, alisema, ilikuwa desturi ya watu fulani kutoka Siku ya Krismasi na bunduki na kushindana nani atakayeua ndege na wanyama wengi zaidi, mpaka mwaka 1900 Frank Chapman alipotoa rai kwamba watu watoke siku ile ile lakini wahesabu badala ya kuua. Wakaitika watu 27 mwaka ule wa kwanza, na hesabu hiyo haijakatika hadi leo. Hesabu ya ndege wa majini wa dunia nzima, ambayo hufanywa katikati ya Januari, ilianza mwaka 1967, na Afrika ikapata mpango wake mwaka 1991, ambao leo husimamiwa na shirika la Wetlands International. Hapa Burundi, wapenzi wa ndege wana chama chao cha ABN, na hifadhi ya Rusizi iliyowekwa mwaka 1980 husimamiwa na ofisi ya OBPE, iliyorithi kazi ya INECN. Hayo aliyapitia upesi. Alipofika kwenye swali la kwa nini Januari na si mwezi mwingine, ndipo alipokaa kitako.

Januari kwetu ni mwezi wa mvua kupumzika kidogo kati ya vuli na masika, hakuna baridi wala theluji, na mtu wa Bujumbura hulala dirisha wazi. Lakini kwa ndege waliokuja kutoka kaskazini, huo ndio moyo wa kipupwe cha kwao, nchi imeganda, matope yamekuwa mawe, wadudu hawaonekani, na kila mwenye mbawa za kutosha amekwisha kuhama. Mwezi huo wahamaji wametulia. Waliokuwa wakienda kusini wamefika, na wanaorudi hawajaanza kujikusanya, kwa hiyo anayehesabiwa Rusizi leo hatahesabiwa kesho Ziwa Viktoria, na idadi ya bara moja haichanganyiki na ya jingine. Ukihesabu Oktoba utahesabu wapita njia. Ukihesabu Januari utajua nani amefanya maskani.

Na safari zao zinastahili kutajwa. Kitwitwi mdogo, ambaye uzito wake hauzidi sana gramu 25, huzaliwa katika nchi tambarare za kando ya Bahari ya Aktiki, kuanzia Norwei hadi Siberia, akaja kuchakura matope ya Afrika. Buabua mwenye mbawa nyeupe hutoka mabwawa ya Ulaya ya mashariki na Urusi. Na yuko sululu mkubwa, ndege wa rangi ya majani makavu, mwenye mdomo mrefu ulionyooka, ambaye mtu aweza kumkanyaga asimwone. Wataalamu walimfunga vyombo vidogo vya kurekodi safari huko Uswidi, na katika mwaka 2011 wakachapisha waliyoyapata, kwamba huruka bila kutua kutoka Uswidi hadi Afrika ya kati, kilomita 4,300 hadi 6,800, kwa saa 48 mpaka 96. Jahazi lililokwenda kwa upepo wa kaskazi tangu Maskati hadi Unguja lilichukua majuma. Huyu hana tanga wala maji ya akiba, na hali amebeba mafuta yake mwilini tu.

Tuliondoka alfajiri, tukashika barabara ya Gatumba na ya Uvira, mji ukiwa umelala nyuma yetu na milima ya Kongo ikianza kupata rangi mbele. Delta haiko mbali, ni kilomita kama 15 tu kutoka katikati ya mji, na ukaribu huo ndio neema yake na ndio msiba wake. Mto unapolikaribia ziwa hugawanyika matawi mawili, Rusizi Kubwa na Rusizi Ndogo, na hii ya pili ndiyo yenye kushika mpaka na Kongo. Katikati na kandokando kuna matete, mafunjo, madimbwi na majani marefu, na juu zaidi, katika sehemu ya pili ya hifadhi, kuna mikoche, ile miti yenye shina refu na kichwa cha makuti, ambayo mtu wa pwani akiiona huku bara hufurahi bila kutarajia. Tulipakia katika boti ya Mzee, na kabla hajaiwasha injini alitupa masharti yake: tusisimame, tusipige kelele, na akisema turudi nyuma, turudi bila kuuliza, maana viboko wa pale hawana subira na mamba hawajawahi kuwa na haya.

Hesabu yenyewe ni kazi ya nidhamu. Mwalimu alitufundisha namna yake: hushiki ndege mmoja mmoja katika kundi la mamia, kwani watakuwa wameruka kabla hujafika nusu, hushika kumi kwanza, ukawatazama hata jicho likajua kumi wana upana gani, kisha ukaipeleka kumi hiyo juu ya kundi zima, mara kwa mara, sawasawa na muuza mchele mwenye pishi yake, ambaye hahesabu punje za mchele bali anaijua pishi. Watu wawili hulihesabu kundi lile lile bila kuambiana, wakalinganisha baadaye. Na kundi likiruka, lazima mmoja aliangalie linakotua, asije akaliandika mara mbili. Binti alikuwa na kidude cha kubonyeza mkononi, kila kumi mlio mmoja, na kwa muda mrefu hapakuwa na sauti nyingine botini ila mlio huo na maji yanayogonga ubao.

Ndege walikuwapo. Wari weupe walikuwa wamekusanyika kwenye maji mapana, wakizamisha midomo kwa pamoja, wakainua, wakazamisha tena, hata samaki wasipate pa kukimbilia. Domomwiko walipekua matope kwa midomo yao bapa, kichwa huku, kichwa kule. Kwarara walipita kwa mistari wakielekea mashambani. Mahali maji yalipokuwa kina cha kifundo cha mguu tu, tulisimamisha boti, Mwalimu akaitega darubini yake ya miguu mitatu kwenye kisiwa kidogo cha majani yaliyolala, akaniita nitazame. Nilimwona kitwitwi mdogo mmoja peke yake, mbali na wenzake. Miguu myeusi, tumbo jeupe, mgongo wa kahawia wenye manyoya yaliyochakaa nchani, na mdomo usiotulia hata pumzi moja: achoma, atoa, apiga hatua mbili, achoma tena, kila mara nzi wa matope akitokea, alimfuata mbio kwa miguu iliyokuwa haionekani kwa wepesi. Nikamtazama mpaka Mwalimu akanigusa bega, kwa kuwa wengine walikuwa wakingoja kuhesabiwa. Ningeweza kukaa pale hadi adhuhuri. Huyu mwenye uzito usiofika wa yai la kuku alikuwa amelipita jangwa la Sahara, na hapo alipo alikuwa akila kwa bidii ya mtu anayejua kwamba njia ya kurudi ni ile ile.

Tulipolikaribia ziwa lenyewe, Mzee alipunguza mwendo, akanyoosha mkono kuelekea mahali palipokuwa na maji matupu. "Hapo," alisema, "palikuwa na fungu la mchanga, tulianika nyavu, na wale ndege wa mdomo mwekundu walilala juu yake mchana kutwa, wote wameelekea upande mmoja." Mwalimu aliweka darubini chini. Alimjua ndege anayetajwa, ambaye Wafaransa humwita bec-en-ciseaux, mweusi juu, mweupe chini, mwenye mdomo ambao nusu yake ya chini imeizidi ya juu kwa urefu. Hupumzika mchangani mchana, na jua linapozama huruka chini chini amefungua mdomo, ile nusu ya chini ikikata maji, na inapogusa samaki hufunga. Ndege huyu hutaga mchangani, hulala mchangani, hana penginepo. Na mchanga ule ulikuwa umezama.

Jambo hili si la siku moja. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto Lukuga, upande wa Kongo, karibu na Kalemie. Mvua zikizidi katika nchi zote zinazolilisha ziwa, maji huingia kwa milango mingi na kutoka kwa mmoja. Tangu mwaka 2018 ziwa limekuwa likipanda, na mwaka 2024 lilikaribia kile kiwango ambacho wazee hukikumbuka cha mwaka 1964. Rusizi nayo ikafura ikatoka kingoni. Gatumba, mji wa Mzee, umefurikwa mara baada ya mara. Nyumba za matofali mabichi zimeyeyuka, makaburi yamefunikwa, na maelfu ya watu wamehamia kambini. Mzee mwenyewe alituonyesha, tulipokuwa tukipita, paa la bati lililochungulia juu ya maji, akataja jina la mwenye nyumba kwa sauti ya kawaida, kisha akageuza usukani.

Hapo nilijiuliza kwa dhati, na nadhani kila mmoja wetu alijiuliza, kama ni insafu kuwahesabu ndege mahali ambapo watu wamepoteza makazi. Nilimwuliza Mwalimu bila kuficha. Hakukasirika. Alinijibu kwamba mwaka 2002 Burundi iliingia katika Mkataba wa Ramsar, ule uliotiwa sahihi Iran mwaka 1971 kwa ajili ya ardhi oevu, na delta hii, pamoja na sehemu ya kaskazini ya pwani ya ziwa, hekta 1,000 kwa jumla, ikaandikwa katika orodha ya mahali penye umuhimu wa kimataifa. Katika mkataba huo zipo kanuni, na mbili kati yake zasimama juu ya hesabu tu: pakiwa kwa kawaida pana ndege wa majini 20,000, au pakiwa pana asilimia 1 ya jamii moja ya ndege, pana haki ya kuitwa pa kimataifa. Asiyehesabu hana cha kuonyesha. "Siku mtu atakapotaka kuyakausha matete haya," alisema, "ataniuliza, hapa pana nini? Sitamjibu kwa mapenzi yangu. Nitamjibu kwa daftari." Kisha akaongeza kwamba matete hayo ndiyo yanayopunguza nguvu za mto unapofurika na kuyachuja maji kabla ya kuingia ziwani, ambako ndagala na mukeke wanavuliwa, na kwamba aliyeyafyeka kwa shamba la msimu mmoja amemfungulia mto mlango wa nyumba za Gatumba.

Nilikubali, na nakubali hata sasa. Lakini lililonikaa zaidi ni lile alilolisema kuhusu miaka iliyopotea. Katika miaka ya 1970, mtafiti aitwaye Gaugris aliwaandika ndege wa maji wa bonde la Rusizi ya chini kwa uangalifu mkubwa. Kisha ikaja vita iliyoanza mwaka 1993, na kwa muda mrefu bonde hili likawa mahali ambapo mtu mwenye darubini angedhaniwa mpelelezi na asingerudi nyumbani. Ndege walikuja, maana hawana habari za serikali wala za waasi. Walikaa, wakala, wakaondoka, na hapakuwa na wa kuwashuhudia. Miaka ile haiwezi kuhesabiwa tena. Laiti ingekuwa inawezekana kurudi nyuma hata kwa asubuhi moja! Kwa sababu hiyo Mwalimu, mwenye miguu inayomsumbua, hajakubali Januari impite tangu njia zilipofunguka, na nikamwelewa kwa nini alikasirika kidogo mtu mmoja aliposema mwaka huu hauna jipya.

Upepo wa ziwa ulipoanza kuvuma tuliondoka majini, tukakaa chini ya kivuli karibu na lango la hifadhi, tukajumlisha. Mlinzi alitupatia maji, na mkewe akatuletea ndizi na maharage. Mwalimu alisoma majina, mmoja mmoja, na kila mhesabuji akatoa idadi yake. Katika kundi moja la buabua, idadi yangu na ya binti zilitofautiana sana. Tulizipitia daftari zetu, ikabainika kwamba mimi niliendelea kuhesabu baada ya sehemu ya kundi kuruka na kurudi, ilhali yeye alisimama. Tukaandika yake, ambayo ndiyo ndogo, na huo ndio utaratibu, kwani karatasi ikizidisha mwaka huu, mwaka ujao itaonekana ndege wamekufa kumbe hawakuwapo kamwe.

Tulipofika kwenye mstari wa yule ndege wa mchanga, binti, ambaye ndiye mwandishi, aliinua kalamu akataka kuuruka, kwa kuwa hatukumwona hata mmoja. Mwalimu akamzuia. Akamwambia kwamba nafasi iliyoachwa tupu humwambia msomaji hatukutazama, na kwamba sisi tumetazama kwa darubini tatu, tangu mto hadi ziwa, kwa hiyo aandike sifuri, aiandike kwa wino, isomeke. Akaiandika. Mzee, aliyekuwa akituangalia kwa muda wote huo akiwa ameegemea mti, asiyejua kusoma Kifaransa cha karatasi ile lakini akifahamu fika kilichokuwa kikiandikwa, akauliza kama ipo nafasi ya maneno.

"Ipo, Mzee," alisema Mwalimu.

"Basi andikeni kwamba mchanga umezama, na mahali ulipokuwa mimi napajua. Maji yakishuka nitakupigieni simu."

Binti akaandika katika sehemu ya maelezo, mstari mmoja wa Kifaransa, akamsomea Mzee kwa Kirundi ahakikishe, naye akaridhika. Sote tukatia sahihi, nakala moja ikaenda kwa mratibu na nyingine ikabaki kwa Mwalimu, na kabla hatujaachana tulikuwa tumekwisha kupanga nani atakayetafuta mafuta ya boti kwa hesabu ijayo, ya Julai.